Swali la Mwanamke wa Ghorofa ya Saba

Albert Park, Durban
30 Machi 1998

Kwa jina la Mola ambaye hakuna siri iliyo mbali naye.

Kwa baba yangu na mwalimu wangu, Maalim Kitwana bin Sudi, Ujiji.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, baba. Sisi huku ni wazima. Mume wangu Dulla bado yuko kiwanda cha rangi kule Jacobs, naye anakuamkia. Vali ya bandia waliyonitia kwenye moyo mwaka wa tisini na tano ingali inagonga vizuri. Dulla husema hana haja ya kununua saa ya ukutani maadamu ameoa.

Baba, nina swali, nalo si langu. Katika jengo letu, ghorofa ya saba, yupo mwanamke wa Kiislamu ambaye damu yake isipotiwa dawa huganda. Zamani alikuwa akimeza vidonge, na vidonge hivyo havina neno. Sasa daktari amevisimamisha kwa muda, kwa sababu zake za kitabibu, akamwandikia sindano mbili kila siku, asubuhi na jioni. Jirani anayemchoma alisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, ikaonekana kwamba dawa hiyo hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Tangu siku hiyo mwanamke yule huchomwa huku analia. Akisimama kuswali anajiona amebeba najisi ndani ya mishipa yake.

Ameniomba nikuulize, kwa kuwa anajua mimi ni binti yako. Je, aendelee au aache?

Msalimie mdogo wangu Yusufu na watoto wa madrasa. Niombee dua, baba. Niombee sana mwaka huu.

Mimi bintiyo,
Mwavita


Ujiji
14 Aprili 1998

Kwa jina la Mola aliyeuumba moyo kabla ya kuupa mapigo, na rehema zake zimfikie Mtume wetu na wote waliomfuata kwa wema.

Kwa binti yangu Mwavita. Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako imenifikia jana baada ya swala ya alasiri. Habari ya saa ya ukutani imenichekesha. Nimekumbuka ulipokuja likizo mwaka juzi, ukaketi nyuma ya darasa langu, nami nikasema mbele ya wanafunzi wote, "Mwavita, vua saa hiyo, inatuvuruga." Ukanyoosha mikono yote miwili, haina kitu. Nikainama juu ya kitabu changu, na ukurasa ule sikuuona tena kwa machozi.

Ama kuhusu swali la jirani yako. Sikuulizi jina lake wala hali yake, kwa maana kumsitiri mwenye kuuliza ni katika adabu tuliyolelewa nayo. Nguruwe ni haramu, na hilo halina mjadala. Mlango wa dharura hufunguka pale tu ambapo milango mingine yote imefungwa. Wewe umenieleza kwamba vipo vidonge visivyo na neno, na kwamba vilimfaa zamani. Basi mlango wake mwingine u wazi. Na avirudie vidonge vyake, aiache sindano hiyo, na Mwenyezi Mungu atamtosheleza.

Kuhusu wewe mwenyewe, nakukumbusha lile nililokuambia siku ya kuagana. Daktari aliyekupasua alitahadharisha juu ya mimba. Mama yako nilimzika siku saba baada ya Yusufu kuzaliwa. Mtoto ni neema, lakini si sharti la ndoa, na Dulla alikuchukua akilijua hilo. Usinitwishe jeneza la pili, mwanangu.

Wasalaam,
Babako, Kitwana bin Sudi


KWA FAKSI, KUTOKA DUKA LA SIMU LA SERGE, ALBERT PARK, DURBAN
Ijumaa, 8 Mei 1998, saa tatu asubuhi

Kwa Posta ya Kigoma. Tafadhali sana, mpelekeeni upesi Maalim Kitwana wa Ujiji, popote alipo.

Baba mkwe, shikamoo. Nisamehe, sina nafasi ya salamu ndefu. Yule mwanamke wa ghorofa ya saba ni Mwavita. Hakuna jirani. Ana mimba ya miezi mitatu kasoro.

Vidonge vyake vya zamani humdhuru mtoto katika miezi hii ya mwanzo, ndiyo maana daktari akamhamishia sindano. Barua yako ilipofika, aliacha sindano. Vidonge hakuvirudia, anamwogopa mtoto. Kwa hiyo kwa siku kumi na moja hakutumia dawa yoyote. Mimi sikujua, eish, nilikuwa naaga asubuhi naenda kazini kama mjinga.

Jana alfajiri nikiwa imamu na yeye nyuma yangu, tulipokwenda sijda sikusikia vali. Miaka mitatu nimeswali na sauti ile. Ilikuwa imefifia, kama saa iliyofungwa ndani ya blanketi. Nikatoa salamu, nikageuka, nikamwona anahema na midomo imebadilika rangi.

Yuko hospitali. Damu imeganda juu ya vali. Wanataka kumtundikia dripu ya dawa ileile, wasipofanya hivyo leo itabidi kumpasua, na mtoto hatapona. Amekataa. Nimemletea imamu wa msikiti wa Sydenham hadi kitandani, akamwambia inaruhusiwa. Mwavita akamjibu, "Shekhe, nakuheshimu, lakini baba yangu ameshaandika."

Baba, andika tena. Kwa mkono wako, auone mwandiko. Namba ya faksi iko juu. Nasimama hapahapa kwa Serge, siondoki.

Dulla


KWA FAKSI, KUTOKA POSTA YA KIGOMA
Ijumaa, 8 Mei 1998, saa sita kasorobo

Bismillahi.

Binti yangu Mwavita. Naandika kwa mkono wangu ili usiwe na shaka ni nani.

Jibu langu la tarehe kumi na nne Aprili nimelifuta. Nililitoa bila kujua, na jibu lisilojua haliwafungi watu. Kwako wewe leo dawa ile si ruhusa tu, ni wajibu. Ukiikataa unaangamiza nafsi mbili, nami nitakuwa mshirika wako. Mola aliyeharamisha ndiye aliyemwondolea dhambi mwenye kulazimika. Damu yako ni safi na swala yako ni safi. Kama ipo dhambi yoyote katika jambo hili, nashuhudia mbele ya Mola wangu kwamba iandikwe kwangu. Lakini haipo.

Kwa mimba sikukasirika. Nimefurahi na nimeogopa kwa wakati mmoja, na moyo wa mzee unaweza kubeba vyote viwili.

Nyoosha mkono, mwanangu. Sema Bismillahi. Unyooshe sasa hivi, kabla Dulla hajaikunja karatasi hii.

Babako,
Kitwana bin Sudi


Durban
13 Mei 1998

Baba Shekhe, jambo sana.

Miye ni Immaculée, jirani ya Mwavita, niko natengeneza nywele mu salon ya chini ya jengo. Kule Bukavu nilikuwa infirmière, nesi wa hospitali, ndiyo maana nilikuwa namuchoma sindano asubuhi na jioni. Miye ni mukatoliki, unisamehe kama salamu yangu haiko ya kwenu.

Niko naandika juu ya kosa yangu. Ni miye nilisoma ile karatasi ya dawa kwa sauti ya nguvu, nikacheka, nikamuambia, "Mwavita, ma chère, leo umekula nguruwe kupita miye!" Nilizani ni mchezo ya majirani. Halafu akaniambia sindano imeisha, docteur amesema basi, na miye nikaamini.

Ijumaa Dulla alifika mbio na karatasi yako. Docteur alikuwa amesimama pale na dripu, kama mutu anangojea robot, ile taa ya barabara, igeuke kijani. Mwavita akatazama maandiko, akatazama tena chini, pa jina lako la herufi za kiarabu. Akasema, "Hii alifu ni ya baba. Inaegemea kushoto." Akanyoosha mukono. Akasema ile Bismillahi yenu.

Jana sauti ya moyo ilianza kurudi. Mama wa kitanda ya kando aliuliza nani ameacha saa chini ya mto. Baba, nililia na nilicheka. Mtoto naye iko, tumemuona mu mashine.

Nisamehe, Baba Shekhe. Toka leo nitasoma karatasi kwa moyo yangu tu.

Immaculée


Albert Park, Durban
20 Juni 1998

Kwa jina la Mola anayerudisha sauti baada ya kimya.

Baba yangu, asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo.

Nimerudi nyumbani. Damu iliyoganda imeyeyuka yote bila kisu, na daktari, mama mmoja wa Kihindi akaaye Sydenham, alinionyesha kwenye kioo cha mashine jinsi vali inavyofunguka na kufungika. Miezi ya hatari ya vidonge imepita, nimevirudia, na kila Jumanne napimwa damu. Mimba ikikaribia mwezi wa tisa nitalazwa, nirudi kwenye dripu hadi nijifungue.

Nimekudanganya, baba, na nimekaa na jambo hilo kitandani siku kumi na sita. Sikukudanganya kwa kukudharau. Kila nilipoishika kalamu niandike "nina mimba", niliona jeneza la mama likitoka mlangoni, nami nina umri wa miaka saba. Nikasema, nitamwambia mtoto akishazaliwa. Nikamtunga mwanamke wa ghorofa ya saba, na kweli mimi naishi ghorofa ya saba, nikajiambia kwamba huo si uongo kamili.

Dulla ameniuliza kwa nini nilimkatalia imamu wa Sydenham, naye ni mtu wa elimu na alinijia kwa upole. Tangu utoto sikuwahi kupokea neno la dini kutoka kinywa kingine ila chako. Hilo nalo nimeliona sasa kuwa ni kosa, na imamu nimemwomba radhi. Alicheka, akasema, "Mama, mimi nilishindwa na faksi."

Immaculée anakuja kila siku na supu. Aliniuliza kama umemsamehe, kwa kuwa hujamjibu. Mwandikie, baba, hata mistari miwili.

Na jambo la mwisho: jana mtoto amecheza. Nilikuwa nimelala kimya, vali inagonga, naye akapiga teke, kama anayejibu.

Bintiyo,
Mwavita


Ujiji
11 Julai 1998

Kwa jina la Mola asiyechoka kusamehe hata tukachoka sisi kukosa.

Kwa binti yangu Mwavita, na Dulla mumeo, na Immaculée jirani yenu, ambaye nimemwandikia barua yake peke yake, si mistari miwili bali kurasa mbili. Asalaam aleikum.

Umeomba radhi, nami nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini sikubali ubebe kosa lote peke yako, kwa kuwa sehemu kubwa ni yangu. Swali lako lilikuwa na tundu katikati, mtu mzima yeyote angeliona. Daktari havisimamishi vidonge vinavyofaa bila sababu. Ilinipasa niulize: sababu gani? Nami sikuuliza, nikauita uvivu wangu adabu. Na khofu yangu ya jeneza ndiyo iliyokufunga mdomo. Sikukupa nafasi ya kuniambia kweli.

Siku ya faksi, karani wa posta alinikuta nimekwisha vaa kanzu ya Ijumaa. Alinipakia nyuma ya baiskeli yake mpaka Kigoma mjini, mimi mzee wa miaka sabini na mmoja, kilemba kimelegea, watoto wa shule wanashangilia njiani. Nilirudi nimechelewa, hotuba imekwisha somwa na Yusufu. Baada ya swala nikasimama, nikawaeleza waumini niliyoyafanya, kwamba nilitoa jibu bila kujua hali ya mwenye swali, na kwamba jibu lile lilikaribia kuua. Wengine waliona haya kwa ajili yangu. Mimi sikuona haya, niliona nimetua mzigo.

Tangu hapo sijibu swali la mtu asiyekuwepo. Juzi alikuja Mzee Bizimana, muuza tumbaku.

"Maalim, rafiki yangu ameapa hatakula kwa shemeji yake mwaka mzima. Sasa shemeji anamwoza bintiye, na kuna pilau. Afanyeje?"

"Mlete huyo rafiki."

"Yuko mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Maalim, mbona unaniaibisha, pilau yenyewe ni kesho!"

Nikamwambia alishe maskini kumi kwanza, ndipo aende. Amewalisha, akaenda, na amerudi akinisifu.

Endelea na vidonge vyako. Kila Jumanne, saa unayopimwa, nami nimekaa juu ya mswala wangu nakuombea.

Babako,
Kitwana bin Sudi


Hospitali, Durban (kwa faksi ya Serge)
2 Novemba 1998

Baba yangu, asalaam aleikum, na shikamoo.

Nimelazwa tangu wiki iliyopita. Siku walipoleta dripu, nesi alijiandaa kunibembeleza, maana katika faili langu imeandikwa kwa wino mwekundu: "Mgonjwa huyu alikataa dawa hii." Nilinyoosha mkono kabla hajafungua mdomo. Nikasema Bismillahi kwa sauti, na mama wa Kizulu wa kitanda cha pili akaitikia "Amen". Nesi akaomba kalamu, akaukata mstari ule mwekundu.

Daktari ameeleza mpango. Jumatatu ijayo wataanzisha uchungu wenyewe. Dripu wataikata saa kadhaa kabla ili nisitoke damu nyingi, na wataitundika tena baadaye ili vali isikwame. Kati ya hapo na hapo, baba, nitakuwa sina kinga ya upande wowote. Sitakuficha: naogopa. Lakini safari hii nimeogopa nikiwa nimekwambia, na ni khofu nyepesi kuliko ile ya mwanzo.

Sikuulizi kitu leo. Niombee tu.

Bintiyo,
Mwavita

Nyongeza kutoka kwa Dulla: Baba mkwe, Ijumaa ya tarehe 13, saa nne asubuhi kwa saa za kwenu, uwe kwenye kibanda cha simu cha posta ya Kigoma. Nitapiga mimi. Sitaki ulipate neno lolote kwa karatasi.


Ujiji
15 Novemba 1998

Kwa jina la Mola aliyeahidi wepesi pamoja na uzito, akatimiza. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na wema wote.

Kwa watoto wangu Mwavita na Dulla. Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mmekwisha nisikia kwa simu, lakini mzee kwenye simu hupiga kelele tu na kurudia maneno. Kwa hiyo nawaandikia, ili yabaki.

Ijumaa nilifika posta saa mbili. Karani yuleyule wa baiskeli alinipa kiti, akaniambia, "Maalim, saa nne bado." Nikamwambia najua. Tangu Jumatatu nilikuwa sijui kama nina binti au sina, na Yusufu alikuwa amekwisha acha kuniuliza kama nimekula. Simu ilipolia, karani aliinua, akanikabidhi, akatoka nje ya kibanda kwa heshima.

Dulla, uliposema "Baba mkwe, wako wawili," sikuelewa. Nilidhani umepata pacha! Ukacheka, ukasema, "Wawili, mzee, mama na mtoto, wote wazima, wa kike, kilo mbili na gramu mia saba, nimemwadhinia mwenyewe sikioni." Hapo nikaegemea ukuta wa kibanda.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua, yenye lahaja ya Kongo: "Baba Shekhe! Miye Immaculée! Usiseme kitu, sikiliza. Niko naweka simu pa kifua ya Mwavita."

Nami mkononi nina saa yangu ya zamani, inagonga. Nikaiogopa isinidanganye. Nikaivua, nikafungua mlango wa kibanda, nikamtupia karani, naye akaidaka kwa mikono miwili bila kuelewa kitu. Nikalibana sikio langu kwenye simu, nikaziba la pili kwa kiganja.

Kwanza ulikuwa mvumo wa waya tu. Halafu ikaja. Ndogo, kavu, imenyooka, haina haraka: tiki, tiki, tiki. Mwanangu, nimesikiliza wasomaji wengi wazuri wa Kurani katika maisha yangu, na siku ile sikuwa na haja ya mmoja wao. Na nilipokuwa nahesabu pigo la ishirini, mtoto akalia juu yake, kwa nguvu, kwa hasira, kama mwenye haki. Nikasema "Allahu Akbar" hadi waliokuwa kwenye foleni ya stempu wakaitikia wote, na mama mmoja akapiga vigelegele asijue anashangilia nini.

Mwavita, kwenye simu uliniomba jina la mtoto. Miaka ishirini na mmoja sijalitamka jina la mama yako. Nimekuwa nikisema "mama yenu", "marehemu", "Mama Yusufu", kwa kuwa kila nilipolijaribu liliniletea mlango ule na jeneza lile. Kesho ni siku ya saba. Hapa Ujiji tunachinja mbuzi wa akika, Mzee Bizimana amekwisha kuja kuuliza, safari hii kwa niaba yake mwenyewe, ni saa ngapi pilau inaiva. Nami nitasimama mbele ya watu nimtaje mjukuu wangu kwa jina kamili, kama nilivyolitaja kwenye simu: Zuhura binti Abdallah. Nimelijaribu tangu Ijumaa ndani ya nyumba, chumba hadi chumba. Sasa linaniletea kilio cha mtoto yule.

Kunywa vidonge vyako, Mwavita. Pima damu yako Jumanne zako zote. Na ukiwa na swali, liandike kwa jina lako.

Saa yangu karani alinirudishia, nami nimemwachia. Alinipeleka bure, na mimi nimekwisha sikia nilichotaka kusikia.

Mola akulindeni nyote watatu. Ambariki Immaculée na mikono yake, na daktari wa Sydenham na elimu yake, na imamu aliyeshindwa na faksi. Na kila mtu ambaye barua hii itasomwa mbele yake, Mola aujaalie moyo wake uende bila kusita, aiweke afya katika nyumba yake, na awape walio chini ya paa lake ujasiri wa kuambiana kweli mapema. Amin.

Babako na babu yake Zuhura,
Kitwana bin Sudi